Mshambuliaji Halipwi kwa Mabao Peke Yake

Wiki iliyopita mama mmoja Mkenya anayeishi Edmonton, Kanada, aliniandikia. Mwanawe ana miaka 14, anacheza winga katika hoki ya barafuni, msimu uliopita aliongoza timu kwa mabao, na mwaka huu kateremshwa timu ya pili. "Kocha anasema mtoto hajui kucheza bila kisahani. Sasa kaka, mtu atafungaje bila kisahani?"

Dada yangu, nilicheka, halafu nikanyamaza. (Kisahani ndicho kile kidude bapa cha mpira mgumu tunachokipiga kwa magongo.) Maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa na miaka 16, Calgary, mbele ya wenzangu wote, na kocha ambaye msimu mzima hakuwahi kulitamka jina langu sawasawa. Jina lenyewe ni Juma. Herufi nne.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nimezaliwa Mombasa, Kisauni, nikaletwa Kanada mdogo, na barafu niliyoijua hadi hapo ni ile ya kwenye jagi la sharubati. Nimecheza winga wa kulia kwa mshahara. Nilianzia Marekani kwenye ECHL, ambayo iko chini ya AHL, nayo AHL iko chini ya NHL, ligi kubwa kuliko zote, kisha nikamalizia Ulaya. NHL sikufika. Lakini nimekula jasho la mchezo huu hadi nimepita miaka 30, na wale waliokuwa wakinipita kwa mabao utotoni nawajua walipo. Mmoja ananiuzia bima ya gari.

Sasa sikiliza. Mechi ni dakika 60. Timu huwa na washambuliaji 12 hivi, safu nne za watu watatu watatu, senta na mawinga wake wawili. Zamu moja uwanjani ni kama sekunde 45, unatoka unahema, anaingia mwenzio. Hata nyota mkubwa, ukijumlisha muda ambao kisahani kiko kwenye gongo lake mechi nzima, ni dakika chache mno. Muda uliobaki anafanya nini? Hapo ndipo penye mshahara.

Nikuonyeshe. Mnabanwa kwenye eneo lenu. Beki wenu anakizungusha kisahani nyuma ya goli, kinakuja kwa kasi kikisugua ukuta hadi kwako winga. Umeupa mgongo uwanja. Nyuma yako anateremka beki wao, pande la mtu, na unamsikia kabla hujamwona, vyuma vya viatu vyake vikikwaruza barafu. Mtoto anayewaza mabao ameshakimbilia mbele, anasubiri pasi. Winga wa kulipwa anabaki pale. Anatupa jicho begani kabla kisahani hakijafika, anatoa makalio nje kumzuia jamaa, anakipokea hata kwa kiatu ikibidi, halafu anakigusa kidogo tu kivuke mstari wa buluu, ule wa kutokea eneo lenu. Basi. Jukwaani hakuna anayepiga makofi, na mbavu zinakuuma hadi kesho yake. Ila kikikuponyoka hapo, zimebaki dakika mbili na mnaongoza kwa bao moja, zamu inayofuata utaitazama kutoka benchi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mumtazame Jarome Iginla, winga wa NHL, mzaliwa wa huko huko Edmonton, baba yake alitoka Nigeria. Timu ya Dallas walimchagua wa 11 katika drafti ya 1995, yaani zamu ya timu za NHL kuchagua vijana, na kabla hajawachezea wakambadilishana na Calgary. Msimu wa 2001–02 alifunga mabao 52, na NHL aliiaga akiwa na 625. Watu wanahesabu hayo. Mimi nakumbuka fainali ya NHL ya 2004, Calgary yetu na Tampa Bay, mechi ya tano, muda wa nyongeza kule Tampa. Kofia imemtoka kichwani, amechoka, zamu imepita urefu wa kawaida, na bado anang'ang'ania kisahani. Akapiga, kipa akatema, Oleg Saprykin akamalizia. Nyumbani kwetu tuliruka, na mama yangu hata sheria za mchezo hakuzijua. Na tarehe 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki Vancouver, lile bao la Sidney Crosby lililowapa Kanada dhahabu mbele ya Marekani lilitokea ukutani. Iginla kaelemewa na beki, anaanguka, na katika kuanguka huko akatoa pasi.

Kombe la 2004 hatukulipata. Mechi ya sita Martin St. Louis alitufunga katika muda wa nyongeza wa pili, ya saba wakamaliza kazi. Bado linaniuma. St. Louis huyo hakuchaguliwa katika drafti yoyote, mfupi mno, na Calgary wenyewe ndio waliomwacha aondoke mwaka 2000. Msimu wa 2003–04 akaongoza NHL nzima kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Kwa hiyo asije mtu akamtishia mwanao na drafti. Ni raundi 7, timu 32, majina 224 kutoka dunia nzima kila mwaka, na wengi wao NHL hawadumu.

Na mimi nimeachwa. Timu moja, siitaji, ilinikata kwa simu nikiwa dukani nanunua maziwa ya mtoto. Winga aliyebaki alikuwa rafiki wa familia ya mwenye timu, na kurudi nyuma kukaba alikuona ni kazi ya watumwa. Haikupita muda nikapata timu nyingine, kwa sababu kocha wao alikuwa ameniona ninavyocheza mwenzetu akiwa ametolewa dakika mbili kwa adhabu na sisi tuko pungufu. Hakuniuliza nina mabao mangapi.

Wazazi, acheni kuhesabu mabao! Kila wikendi nawaona hapa kiwanjani mkirekodi simu juu, mtoto akifunga mnashangilia, akirudi kukaba simu inashushwa. Mtoto anaona. Anajifunza kile mnachokishangilia.

Jambo jingine, dada. Usimharakishe. Zamani kijana akicheza ligi kuu za vijana za Kanada, kama WHL ya huko kwenu magharibi, hoki ya vyuo vikuu vya Marekani ilikuwa imemfungia mlango. Mimi ulinifungia. Tangu Agosti 2025 umefunguliwa, anaweza kupita kote kuwili. WHL nayo ina utaratibu wa kumlipia mchezaji mwaka mmoja wa masomo kwa kila msimu aliocheza, ila soma masharti mwenyewe kabla ya kutia saini, usisomewe na wakala.

Mechi ijayo usikae katikati ya jukwaa. Kaa pembeni, karibu na goli lao, na kipindi kizima mwangalie mwanao tu, kisahani kisikushughulishe. Baada ya hapo niandikie uliyoyaona. Viatu vya barafu mnunulie vya mtumba, mguu wa miaka 14 haukai saizi moja msimu mzima.