Nilianza na nusu kopo la rangi ya geti

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Nami nimefiwa na mama, usingizi sipati. Wewe uliwezaje kushika brashi?" Dada yangu, ngoja nikusimulie.

Baada ya arobaini ya mama ndugu walirudi makwao, nyumba ikawa kimya. Uani kulikuwa na nusu kopo la rangi ya mafuta, ya buluu, tuliyopakia geti. Usiku mmoja nikatandika kipande cha hadibodi sakafuni, nikaimimina. Sikuchora kitu. Nikadondosha nyeupe kidogo katikati, nikainamisha ubao. Nyeupe ikateleza ndani ya buluu, ikachanika nyuzinyuzi kama tui zito linavyoingia kwenye mchuzi. Niliitazama mpaka adhana ya alfajiri. Ulikuwa usiku wa kwanza sikulia.

Nilikuwa na miaka 11 mwalimu alipoinua daftari langu darasa zima lione ng'ombe niliyemchora. Walicheka. Nimekuwa mtu mzima nacho kicheko kile, na bado kinaniuma. Kwa hiyo mtu akiniambia "sina kipaji", namuuliza: nani alikwambia? Edward Saidi Tingatinga hakusomea uchoraji popote. Alianza mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Sisi tunasubiri turubai la nini?

Anza na ulichonacho. Rangi ya maji unaizimua kwa maji na hukauka upesi. Ya mafuta ina subira, inakuacha uisogeze, ila fungua madirisha, harufu yake si ya mchezo. Usizichanganye kopo moja, hazishikani. Tia nyekundu kwenye kijani uone udongo wa kahawia unavyozaliwa. Ukiharibu, acha ikauke, piga msasa, paka tena juu yake. Haribu bila woga, jamani! Mkono unaojizuia haumponyi mwenyewe.

Mwezi uliopita nimeuza picha yangu ya kwanza, na mnunuzi hakuomba hata kupunguziwa. Nimefurahi, sifichi. Lakini ile hadibodi ya buluu haiuzwi. Nimeitundika jikoni, juu ya pale mama alipokuwa akikalia mbuzi yake kukuna nazi.