Mwanangu, kuhusu vile vitabu vyako vya kutisha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, kisha nikamsomea baba yako akiwa anakunywa chai. Unasema vitabu vipya ulivyonunua kwa wauzaji wa njiani pale Tom Mboya vimejipanga kando ya kitanda na hujafungua hata kimoja. Kila usiku, mtoto akishalala, mkono wako unakwenda kwenye zile riwaya za kutisha ulizozisoma tangu sekondari. Mkeo anaona unapoteza muda. Ndipo ukaniuliza: kurudia hadithi ambayo tayari unajua nani atakufa, na ni nini kipo nyuma ya mlango, si uvivu huo? Si afadhali uanze kipya?

La uvivu sitalijibu, kila mtu anajua uchovu wake. Lakini umeandika kwamba ukishajua mwisho, hofu inaisha na kinachobaki ni mazoea tu. Hapo sikubali. Anayejua ndiye anayeogopa zaidi. Najua dada yako hunimalizia sentensi hiyo kabla sijafika katikati, lakini nitaisema tena, kwa sababu niliiona kwa macho yangu ndani ya nyumba hii ya Buruburu.

Wewe ulikuwa mdogo, ule mwaka 2000 wa mgao wa stima, mvua ilipogoma na mabwawa ya Mto Tana yakapungua maji mpaka tukawa tunapewa umeme kwa zamu. Nyanya yako alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutibiwa macho. Jioni ambazo giza lilikuwa zamu yetu, baba yako aliwasha kandili, akaiweka juu ya lile kabati la vyombo, akafungua Dracula, ile riwaya ya Bram Stoker ya mfu anayenyonya damu za watu. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Macho yake yalipita kwenye Kiingereza na mdomo ukatoa Kiswahili, na alikuwa fundi wa hilo, namsifu mpaka leo.

Kule kwenye ngome, Dracula anaposhuka ukutani kichwa chini kama mjusi, nyinyi watoto mlijificha chini ya shuka na mimi mwenyewe nilivuta miguu juu ya kiti. Nyanya yako hakutikisika. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema tu kwamba mtu mbaya hana haja ya kupanda kuta.

Kisha tukafika kwenye meli. Dhoruba inaingia Whitby, kule Uingereza, watu wamejaa ufukweni, na kwa mbali inaonekana meli imetweka matanga yote. Baba yako alisoma sentensi hiyo kama sentensi nyingine yoyote na akawa anaendelea. Nyanya akaacha mchicha. "Matanga yote?" akauliza. "Na dhoruba inakuja?" Baba yako akasema ndiyo, Mama, yote. Nyanya akasema, "Basi humo ndani hamna mtu."

Hatukuwa tumefika kokote, mwanangu. Kurasa za maiti ya nahodha aliyefungwa mikono kwenye usukani, msalaba ukiwa katikati ya kiganja na mti, zilikuwa bado. Habari ya mabaharia waliotoweka mmoja mmoja ilikuwa bado. Lakini yeye, mke wa baharia, aliyesimama ufukweni miaka na miaka kungoja jahazi la babu yako litoke Lamu, alijua kwamba upepo ukichafuka tanga hutuliwa. Asiyejua bahari alisikia habari ya meli. Yeye alisikia habari ya kifo, kurasa kadhaa kabla yetu. Na ukikitazama kitabu chenyewe utaona watu wa pale Whitby nao wanaushangaa ujinga wa mabaharia wake kwa sababu hiyo hiyo.

Kesho yake akataka meli tena. Baba yako akamsomea. Kesho kutwa akataka meli tena, na hapo baba yako akasema, "Mama, hiyo tumeshaisoma," akafungua mbele, kwa yule msichana Lucy na makaburi. Nyanya hakubishana. Alijifunga kanga yake vizuri, akainuka, akaenda kulala bila kumtakia mtu usiku mwema. Mtu aliyekuwa anatusalimu hata akienda kuchota maji! Likinijia hilo bado naona uchungu, na baba yako anajua, kwa hiyo hata akilisoma hapa hakuna jipya.

Sasa, nisimwonee. Alikuwa na watoto wawili wanaotaka kujua kinachofuata, na kitabu ni kirefu. Kama tungemfuata Nyanya tungebaki Whitby mpaka stima irudi, na nyinyi msingemjua Mina, rafiki wa Lucy, ambaye nakwambia ndiye anayeshinda vita ile na Dracula kwa kukaa na kupiga chapa shajara na barua za wote mpaka zikasomeka kama habari moja. Mara ya kwanza hata sikumwona Mina. Nilimwona niliporudia. Unaona? Nimeanza kumtetea baba yako na nimeishia kumtetea Nyanya.

Usiku wa mwisho kabla hajapanda basi kurudi Mombasa, tulikuwa wawili jikoni. Akaniambia, "Nisomee meli." Kiswahili changu cha kutafsiri si kama cha baba yako, nilikuwa nasitasita. Yeye hakujali. Kabla sijafika kwenye matanga alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Sasa hapo. Hapo." Nikahisi vidole vyake vinakaza, na mimi niliyekwisha kusikia sehemu ile mara mbili nikaogopa kwa mara ya kwanza sawasawa. Furaha ya usiku ule sijui nikufananishie na nini. Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1885 meli ya Kirusi, Dmitry, ilikwama kweli pale Whitby, na Bram Stoker alikwenda kukaa huko mwaka 1890 kabla hajaandika riwaya yake, iliyotoka 1897. Nyanya alikuwa ameshafariki. Angefurahi sana kusikia, angesema alijua ile haikuwa hadithi ya kutunga tu.

Nirudi kwako. Hukunitajia ni kitabu gani hasa unachokirudia, lakini mimi ndiye niliyekuwa nakutandikia kitanda, nakijua: Pet Sematary, ile riwaya ya Stephen King ya makaburi yanayofufua waliozikwa. Nilikisoma nyuma yako, ulipokiacha likizo ya Agosti. Wakati ule ulikuwa unatusimulia habari za paka, paka aliyefufuka akirudi ananuka, na dada yako alipiga kelele mpaka jirani akagonga. Paka ndiye uliyemwona. Mtoto hukumwona.

Kumbuka King alivyofanya pale kwenye kishada. Baba na mtoto wako uwanjani, wanarusha kishada, mtoto anacheka, na katikati ya kicheko mwandishi anakwambia waziwazi kwamba mtoto huyu amebakiza chini ya miezi miwili ya kuishi. Hakukuficha ili akushtue. Alikupa habari mapema kwa makusudi, ili kila ukurasa unaofuata usome ukiwa unajua. Ndilo lile ninalolisema: anayejua ndiye anayeogopa zaidi. Na hakuitoa hewani. Familia yake iliishi kando ya barabara ya malori kule Orrington, Maine, paka wa binti yao akagongwa, na siku moja mvulana wao mdogo akakimbia kuelekea barabara ile ile. Alipomaliza kuandika aliona amevuka mpaka, akakifungia kitabu kwenye droo, na kikatoka 1983 kwa sababu tu alikuwa na deni la mkataba kwa wachapishaji.

Wewe sasa unakaa Roysambu, mita chache kutoka Thika Road, na mjukuu wangu ameanza kukimbia. Ukikifungua leo hutakutana na paka. Kwa hiyo unaponiambia kwamba unarudia kitabu kile kile, mimi nasema hukirudii, maana yule aliyekisoma kwanza hakuwa na cha kupoteza. Na hapo ndipo ninapogawanyika. Kuna hofu mtu anayoitaka jioni, akalala salama, na kuna hofu itakayokutoa kitandani kwenda kumgusa mtoto kama anapumua. Hii ya pili sijui kama naitakia nyumba yako.

Tena, hivyo vipya navyo. Kila unachokipenda kilikuwa kipya siku moja, na baba yako hapa anasisitiza nikwambie hivyo kwa herufi kubwa. Kama katika hivyo ulivyonunua kuna Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, anza nacho. Kilitoka 2001, na babu anayemfufukia mjukuu wake mwenye cheo hahitaji ngome wala meno marefu. Babu huyo Nyanya angemwelewa mara moja.

Basi niseme kimoja? Ulimi unaniwasha. Ningekuwa mimi... hapana, hujaniuliza ningefanya nini, na mke wako ana haki yake katika jambo hili, hasa kama taa inawaka mpaka saa saba. Ila nakuomba hivi: chochote utakachofungua, kipya au cha zamani, msomee mkeo sehemu moja kwa sauti, sehemu ile ambayo wewe unajua inakuja na yeye hajui. Halafu niandikie ni sehemu gani ulichagua, na kama ni ya kishada, uniambie ulifika mstari gani.

Baba yako anakusalimu. Mlete mtoto Jumapili, nina mahamri.

Mama yako