Kwanini Wachina wanasema "although... but": nilichokiona Wuhan

Mkuu umeuliza kwanini wanafunzi wako wa Kichina wanarudia "Although he is tired, but he works" hata uwasahihishe mara kumi, na kama ni uvivu. Sio uvivu. Mi nimesoma Wuhan miaka minne na jioni tulikuwa tunabadilishana lugha na jamaa wa darasani, nusu saa Kichina nusu saa Kiingereza, kwahiyo haya nimekaa nayo.

Kichina kinapenda maneno yaende pea, suiran (ingawa) huku danshi (lakini) kule, yinwei (kwa sababu) huku suoyi (kwahiyo) kule, ukitoa moja wanaona sentensi inachechemea. Na tusiwacheke, "ingawa amechoka lakini anafanya kazi" nani humu hajaiandika?

Iliyonitoa jasho ni nyingine. Asubuhi Wuhan watu wanakula reganmian, tambi kavu za moto zimechanganywa na ufuta uliosagwa, unakula umesimama au unatembea. Siku hiyo jamaa ananionyesha kibanda, "There is a man sell noodles very good." Nikamwambia weka who. Akasema najua, akanimwagia kanuni yote ya who na which kuliko hata mimi, maana kaikariri kwa ajili ya gaokao, ule mtihani wao wa kuingia chuo, Kiingereza peke yake alama 150 kati ya 750. Hatujamaliza tambi akaniambia kwa sauti ya siri, "There is a girl like you." Nikageuka kumtafuta huyo binti tunayefanana naye, kumbe anamaanisha kuna binti ananipenda 😂

Kwao "you ge nühai xihuan ni" imekamilika, kuna binti penda wewe, hakuna cha "ambaye" katikati. Na wakitaka kusema "kitabu nilichonunua jana" maelezo yote yanatangulia, mimi jana nunua, halafu kineno cha kuunganisha "de", ndo kitabu kinakuja mwisho. Sisi kitabu kinakaa mbele kama Kiingereza, ndo maana hatuoni ugumu wake ulipo.

Nilichofanya niliacha kueleza kanuni, anazo tayari. Nikampa sentensi nzima, "I know a man who sells noodles", tukiwa njiani kwenda darasani anabadilisha kipande kimoja tu, who sells phones, who fixes bikes, a girl who likes you (hii aliipenda sana), bila kuandika popote. Kama wiki tatu hivi ikaanza kumtoka yenyewe. Jaribu hiyo na although pia, sentensi nzima mdomoni, usimwambie "futa but".

Kilichonishinda ni he na she. Ukiandika Kichina herufi ni tofauti ila mdomoni zote "ta", sawa na yeye yetu. Mpaka naondoka mama yake alikuwa bado "he", na mimi mwenyewe nikichoka huwa inanitoka.