Umio ulipona, kiungulia kimerudi: nimeze omeprazoli hadi lini?

SWALI: Daktari, mwaka jana nilipigwa kamera, nikaambiwa umio umechubuka daraja C (A ni mchubuko mdogo, D ni mkubwa kabisa). Nilimeza omeprazoli wiki 8, kamera ya pili ikaonyesha nimepona, nikaacha. Mwezi wa pili baada ya kuacha, kiungulia kikarudi. Daktari wangu anataka nimeze kila siku bila kikomo. Jirani anasema zinaua figo, na anajua dawa ya asili inayomaliza tatizo kabisa. Nifanyeje? (Mama wa miaka 52, Morogoro)

JIBU: Msikilize daktari wako, mama. Hilo "kumaliza kabisa" nalisikia kila siku ya kliniki, na limenichosha.

Kilichopona ni mchubuko. Mlango ulio kati ya umio na tumbo bado umelegea vilevile. Omeprazoli haiukazi, inapunguza tu ukali wa kile kinachopanda. Ukiacha, ukali unarudi, tena kwa wiki kadhaa tumbo linaweza kumwaga tindikali kuliko hata mwanzo, ndipo watu husema "dawa imenizoesha". Mwenye daraja A au B namruhusu ajaribu kupunguza, ameze siku anayosumbuliwa tu. C na D hapana. Wengi wao wakiacha, umio huchubuka tena ndani ya miezi 6, na makovu yakizidi njia inabana hadi tonge la ugali halipiti. Ni kama presha: kipimo kikisoma vizuri kwa sababu ya vidonge, mtu hujiona amepona, anavitupa. Tunampokea amepooza.

Figo? Ipo hitilafu ya figo kuvimba kwa sababu ya dawa hizi, lakini ni adimu. Utafiti wa COMPASS, uliochapishwa 2019, uliwapa maelfu ya watu pantoprazoli, ndugu wa omeprazoli, miligramu 40 kila siku kwa takriban miaka 3 na wenzao vidonge visivyo na dawa. Jumla walizidi 17,000. Tofauti iliyojitokeza wazi ni maambukizi ya utumbo, nayo ilikuwa ndogo. Kwa miaka mingi madini ya magnesi na vitamini B12 vinaweza kushuka mwilini, kwa hiyo mwombe daktari avipime mara mojamoja na akuweke kwenye dozi ndogo kabisa inayokutosha. Na umeze nusu saa kabla ya uji wa asubuhi! Nusu ya wanaoniambia "haifanyi kazi" wanameza wameshashiba, au wanachanganya na diklofenaki ya magoti.

Sasa hiyo dawa ya jirani. Naijua. Huletwa mezani kwangu kwenye chupa ya maji ya kunywa, maji meusi, bila lebo, kalamu imeandika "vijiko 2x2". Nikiuliza kuna nini ndani, najibiwa "majani tu, daktari". Majani gani? Kimya. Muuzaji huita kila kitu vidonda vya tumbo: kiungulia, gesi, hata chakula kukwama. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyohiyo ya chakula kukwama. Watu wanamaliza chupa tatu, nne, suruali zinaanza kuwavuka, ndipo wanakuja kupigwa kamera. Chakula kikikwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje hata tarehe yako ya kliniki.