Njia ya reli iliyoachwa ni mali ya nani?
Ndugu, umeuliza kama ardhi iliyopitiwa na reli humrudia mwenye shamba mataruma yakishang'olewa. Nchini Marekani, kampuni za reli mara nyingi hazikununua ardhi bali zilipewa haki ya kupita tu, haki ambayo kwa kawaida hukoma njia inapoachwa. Kwa sababu hiyo sheria ilirekebishwa mwaka 1983, ili njia isiyotumika ihesabike kuwa imehifadhiwa kwa treni za baadaye, huku watu wakiitumia kwa miguu na baiskeli. Katy Trail, njia ya matembezi na baiskeli katika jimbo la Missouri, yenye takriban kilomita 386, ilipatikana kwa utaratibu huo baada ya treni kusimama mwaka 1986. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka Vermont, Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo, ila iliwaachia wenye ardhi nafasi ya kudai fidia, jambo ambalo naona ni haki yao kabisa. Na kama unahofia milima ukipita Katy Trail kwa baiskeli, usihofu: treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo pale Rocheport, mji ulio kando ya njia hiyo, utapenya handaki la mwaka 1893, kisha utaambaa na mto juu ya kokoto laini bila kuhema.