Ukipima kwa namba 7 utadanganywa

Juzi kijana mmoja aliniandikia: “Kaka, nimesikia programu yako ya taarifa za akaunti siku hizi inamaliza kazi kabla chai haijapoa. Nami naandika programu kwa lugha ya Go. Umefanyaje?” Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua wenye swali hilo ni wengi, na wote tunataka kitu kimoja: programu ikimbie bila kumwomba bosi seva kubwa zaidi.

Programu yangu inasoma miamala ya wanachama wa saccos na kutoa mstari mmoja kwa kila muamala: tarehe, namba ya risiti, kiasi, salio. Mwisho wa mwezi mistari inafika mamilioni, na kila mmoja ulikuwa unapita kwenye fmt.Sprintf, funksheni ya Go inayogeuza thamani kuwa maandishi kwa kufuata kiolezo. Kila mtu alikuwa anailaumu hifadhidata. Nilipofungua pprof, zana ya Go inayoonyesha muda unaliwa wapi, hifadhidata ilikuwa imekaa kimya pembeni. Muda ulikuwa unaliwa na kupanga herufi, na kufagia kumbukumbu iliyoachwa nyuma na upangaji huo.

Tazama kinachotokea ukiandika Sprintf("%d", n) na n ni 1250000. Sprintf hupokea kitu cha aina yoyote, kwa hiyo namba inafungwa kwanza ndani ya intafesi, yaani kifungashio kinachobeba thamani ya aina yoyote, na kufungwa huko kunaomba kipande cha kumbukumbu. Kisha kiolezo "%d", kinachomaanisha “weka namba nzima hapa”, kinasomwa herufi kwa herufi, na kitasomwa upya hata ukiita mara ya milioni. Funksheni inauliza kilichomo ni cha aina gani, inaandika tarakimu kwenye bafa, yaani eneo la muda la kumbukumbu, kuanzia kulia kwenda kushoto, halafu inanakili matokeo kwenye stringi (mfuatano wa herufi) mpya. Hicho ni kipande cha pili. Vipande viwili kwa namba moja, na mstari wangu una namba kadhaa.

Haya niliyaona tangu zamani, nikiwa kampuni nyingine. Nikamwonyesha kiongozi wa timu. Akaandika kipimo chake palepale mbele ya wenzangu, akaweka namba 7, na safu ya ugawaji wa kumbukumbu ikaonyesha 0. “Unakarabati paa lisilovuja,” akasema. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na hadi leo sijaona kilichochekesha.

Kipimo kilidanganya, kwa sababu 7 inapita bila kuomba kipande cha kwanza wala cha pili. Go ina hazina ya thamani zilizo chini ya 256, hivyo kuifunga 7 kwenye intafesi hakuhitaji kumbukumbu mpya. Na stringi ya baiti moja nayo ina mahali pake tayari. Weka 1250000 uone kama utapata 0. Nani ana salio la shilingi 7?

Kazini kwangu sasa sikuitisha kikao. Nilichukua bafa moja, nikawa naiandikia kwa strconv.AppendInt, funksheni inayoongeza tarakimu za namba mwishoni mwa bafa, nikimaliza mstari naumwaga kwenye faili na kuirudisha bafa kuwa buf[:0], yaani tupu lakini tayari kutumika tena. AppendInt inapokea int64 (namba nzima ya biti 64) moja kwa moja: hakuna kufungwa, hakuna kiolezo, na tarakimu zinatolewa mbilimbili kutoka kwenye jedwali lililoandaliwa. Ipo pia fmt.Appendf, iliyokuja na Go 1.19 mwaka 2022. Hiyo inafuata kiolezo kama Sprintf lakini inaandika moja kwa moja kwenye bafa, hivyo inakuokolea stringi ya mwisho, lakini namba bado zinafungwa.

Msiilaumu fmt, ndugu zangu. Tangu Go 1 ya mwaka 2012 kuna ahadi kwamba programu za zamani zitaendelea kufanya kazi, kwa hiyo anayeigusa maktaba sanifu, yaani vifurushi kama fmt vinavyokuja na Go yenyewe, hana uhuru wa kubadilisha matokeo kiholela. Lugha ya Python, toleo 3.6, ilipoleta f-stringi (maandishi yenye nafasi za kujazwa thamani) mwaka 2016, ilipata nafuu kwa sababu, tofauti na Sprintf, kiolezo kinachambuliwa mapema, programu inapokusanywa (compile). Ukitaka kupeleka maboresho yako kwenye Go, njoo na vipimo vya kabla na baada, vilivyorudiwa angalau mara 10 na kulinganishwa kwa benchstat, zana ya kulinganisha matokeo ya vipimo. Usiende na maneno. Vijana wetu tunapenda sana maneno. Pima kwa data inayofanana na ya kazini, badilisha, pima tena. Na usiing'oe Sprintf kila mahali; kwenye ujumbe wa kosa unaotokea mara moja kwa siku, iache, inasomeka vizuri.

Kijana wangu amerudi na majibu: ugawaji umeshuka hadi 0, sasa anauliza kama atumie AppendFloat, ndugu ya AppendInt kwa namba za desimali, kwa zile senti. Hapana. Fedha ihifadhi kwa senti kama namba nzima, gawanya kwa 100 upate shilingi, andika nukta mwenyewe, na baki ikiwa chini ya 10 tanguliza sifuri.