Muziki wa kina, mzito au uliokolea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesikiliza nyimbo za dipu hausi (deep house, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki) ambazo DJ ameziunganisha saa nzima bila pengo, nikaandika: “Mchanganyiko huu una mudi ya kina.” Mwenzangu akanicheka, akasema kina ni cha bahari. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kakosea sababu, ila sikio lake halikumdanganya.

Kina kilishatoka baharini zamani. Tunasema utafiti wa kina na mazungumzo ya kina, wala hakuna anayetafuta nanga. Tatizo ni kwamba neno hilo, likitoka majini, hubeba maana ya kuchambua jambo hadi mwisho: maelezo ya kina ni yale yasiyoacha kitu. Kwa hiyo “mudi ya kina” inasomeka kama mudi iliyofanyiwa uchunguzi! Sarufi yako haina kasoro. Ulichokosea ni kudhani kwamba Mwingereza akiwa na kivumishi kimoja, “deep”, nasi lazima tuwe na kimoja. Yeye hutumia neno lile lile kwa kisima, usingizi, sauti na rangi. Kwetu kisima ni kirefu, usingizi na sauti ni nzito, na rangi imekolea.

Je, mzito? Kwa besi, sawa kabisa. Lakini ukisema “muziki mzito” msomaji anajiandaa kwa makelele ya kupasua masikio, ilhali dipu hausi huenda kwa mapigo kama 120 kwa dakika, yaani mawili kila sekunde, bila papara.

Jina lenyewe liache lilivyo. Nimeshaona “muziki wa nyumba” mahali fulani, nikasikitika. Hausi husemwa kuwa imetokana na Warehouse, klabu ya Chicago, Marekani, ambako DJ Frankie Knuckles alianza kupiga muziki mwaka 1977, na maana ya jina hilo ni ghala. Anayeng’ang’ania tafsiri basi aseme muziki wa ghala.

Sasa mudi. “Leo sina mudi” ni Kiswahili cha kila siku, sina ugomvi nacho, kwa sababu mwenye mudi hapo ni mtu. Muziki tunausemea zaidi kwa vitenzi. Chukua “Can You Feel It”, wimbo wa dipu hausi wa mwanamuziki Larry Heard wa mwaka 1986: sauti za kinanda zinatandazwa juu ya besi, zinakaa, kisha zinahama taratibu. Ukiandika kwamba una mudi ya utulivu na huzuni, umepanga nomino tu. Andika kwamba umetulia, unatia simanzi kidogo, lakini miguu haikubali kukaa. Hapo aliyeusikia atakuelewa. Angalia pia kwamba “umetulia” ni habari ya muziki, na “unatuliza” ni habari ya msikilizaji. Muziki unaweza kutulia ukamwacha mtu na wasiwasi wake.

Kitenzi ninachokipenda kuliko vyote hapa ni kukolea. Wimbo mmoja unaweza kunoga tangu pigo la kwanza, lakini kukolea kunahitaji muda, na muda ndio mtaji wa DJ: anaupenyeza wimbo mpya chini ya ule unaomalizika, mapigo yanalingana, na kwa dakika nzima hujui unasikiliza upi. Ndiyo maana ulifanya vyema kuuita mchanganyiko. Nyimbo zikipangwa tu, kila moja na mwanzo na mwisho wake, huo unabaki kuwa mkusanyiko.

Ningekuwa wewe, ningeandika hivi: “Mchanganyiko huu unaanza umetulia, besi yake nzito, kisha unakolea polepole hadi unasahau wimbo wa kwanza uliishia wapi.”